Je, tunachokiona ni dunia yenyewe au ni mwigo? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Tororo, Uganda, na kwa miaka kadhaa sasa swali hili limenifuata kutoka darasani hadi steji ya boda, kutoka msikitini hadi matangani. Vijana wameona video kwenye simu zinazodai kwamba maisha haya ni gemu ya kompyuta. Wazee wana maneno yao ya zamani zaidi: dunia ni mapito, dunia ni kiini macho. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayana mengi, na mengine yamenichukua muda kwa sababu nayajali sana.

Watu wanaposema "dunia ni mwigo" wanamaanisha nini?

Wanachanganya mambo mawili, na ugomvi mwingi unaanzia hapo.

La kwanza ni kwamba mahali fulani kuna kompyuta kubwa iliyoundwa na viumbe wenye akili kutuzidi, na sisi sote, pamoja na Mlima Elgon na Ziwa Viktoria, ni hesabu zinazopigwa ndani yake. La pili ni kwamba dunia ipo kweli huko nje, ila kile kinachotokea kichwani mwako unapotazama si dunia yenyewe. Ni picha ambayo ubongo wako umeichora kwa kutumia habari chache zilizopita machoni na masikioni.

La kwanza ni dhana. La pili limepimwa maabara kwa zaidi ya miaka 150, na unaweza kulipima mwenyewe hapo ulipokaa. Naanza na la kwanza kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi, lakini kilichonifanya niandike yote haya ni la pili.

Nani aliyeanzisha habari hii ya kompyuta?

Hoja inayozungumzwa sana ni ya mwanafalsafa Nick Bostrom, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford alipochapisha makala yake mwaka 2003. Watu wengi humsingizia kwamba alisema tunaishi ndani ya kompyuta. Hakusema hivyo. Alisema kati ya mambo matatu, walau moja lazima liwe kweli. Huenda karibu jamii zote za viumbe wenye akili huangamia kabla ya kuwa na kompyuta zenye nguvu ya kuiga akili za watu. Au huenda wanafikia uwezo huo lakini hawana haja ya kuiga maisha ya wahenga wao. Na kama yote mawili si kweli, basi karibu hakika sisi tumo ndani ya mwigo. Mwenyewe aliona kwamba kwa jinsi tunavyojua machache, ni busara kuzipa njia zote tatu uzito unaokaribiana.

Darasani huieleza kwa jezi za Cranes, timu yetu ya taifa ya mpira. Tuseme kiwanda kimetoa jezi moja halali, halafu mafundi wa mtaani wakatoa 999 za kuiga zisizotofautika nayo hata kidogo. Zote 1,000 zikatiwa gunia moja, nawe ukaingiza mkono umefumba macho. Utatoa ipi? Bila shaka ya kuiga. Bostrom anasema kama kompyuta za kuiga watu zikija kuwepo, watu wa kuigwa watakuwa wengi mno kuliko watu wa asili, na wewe hujui kama ni jezi halali au ya kuiga. Alipiga hata hesabu ya uwezo: kompyuta yenye ukubwa wa sayari ingeweza kufanya hatua za hesabu zipatazo 1 ikifuatwa na sifuri 42 kwa kila sekunde, na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ingetosha kuiga historia yote ya fikra za binadamu.

Hesabu hiyo ina kasoro?

Kwa maoni yangu inazo mbili, na ya pili ndiyo nzito.

Kwanza, inachukulia kwamba kompyuta ikiiga mwendo wa ubongo, basi ndani yake patakuwa na mtu anayehisi njaa, anayempenda mama yake, anayeogopa radi. Hakuna aliyekwisha kuonyesha hivyo. Kompyuta ya watabiri wa hali ya hewa huiga mvua kila siku na haijawahi kulowa. Labda fikra ni tofauti na mvua, lakini hilo lazima lithibitishwe, si kuchukuliwa kama limeshakubalika.

Pili, tunayoyajua kuhusu kompyuta, nguvu zake na mipaka yake, tumeyajifunza ndani ya dunia hii. Kama dunia hii ni ya kuigwa, basi hatujui lolote kuhusu sheria za huko nje, wala kama huko kuna kitu kinachoitwa kompyuta. Ni kama mtu aliyefungiwa chumbani, akapima ukuta wa nje kwa kuangalia picha iliyochorwa kwenye ukuta wa ndani. Hoja inasimama juu ya ushahidi ambao yenyewe inakuambia usiuamini.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba dhana hii haijakanushwa, na pengine haiwezi kukanushwa. Lakini kutoweza kukanushwa si sawa na kuwa kweli, na gunia la jezi lina maana tu kama mtu amekwisha kushona walau jezi moja ya kuiga.

Mbona Elon Musk alisema ni hakika?

Mwaka 2016 alisema uwezekano wa sisi kuwa katika dunia ya asili ni mmoja katika mabilioni. Alitazama jinsi gemu za video zilivyokua ndani ya miaka 40, kutoka mistari miwili na kitone hadi picha zinazokaribia uhalisi, akanyoosha mstari huo mbele. Hiyo ni hoja ileile ya Bostrom, njia mbili za kwanza zikiwa zimeachwa pembeni. Mtu akiwa amefanikiwa katika roketi, maneno yake kuhusu jambo hili yanabaki na uzito wa sababu alizozitoa, basi.

Je, fizikia haijagundua "pikseli" za ulimwengu, kama vile vitone vinavyounda picha kwenye skrini?

Hapana. Kuna kipimo kiitwacho urefu wa Planck, kidogo kuliko kitu chochote tunachoweza kupima, na kuna mwendo wa mwanga usiopitwa, mita 299,792,458 kwa sekunde. Watu husema hizo ni alama za kompyuta yenye kikomo. Lakini urefu wa Planck ni mahali ambapo nadharia zetu za sasa zinaishiwa nguvu. Hakuna aliyeona huko kigae kimoja kimoja cha dunia.

Kuna jaribio moja ninaloliheshimu. Mwaka 2012 wanafizikia Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage waliuliza: kama ulimwengu unaigwa juu ya vijumba vilivyopangwa kama karatasi ya hesabu, je, mistari ya vijumba hivyo haitaacha alama? Walionyesha kwamba miale yenye nishati kubwa kabisa itokayo angani ingeelekea kupendelea pande fulani badala ya kuja sawa kutoka pande zote. Alama kama hiyo haijaonekana. Nalipenda jaribio hilo kwa sababu liligeuza maneno ya kijiweni kuwa kitu cha kupimwa.

Na wale wanaosema fizikia ya kwanta, yaani ya chembe ndogo kabisa, imeonyesha kwamba vitu havipo mpaka tuvitazame: katika fizikia "kupima" ni chembe kukutana na kifaa au na chembe nyingine. Jicho la mtu si lazima. Ng'ombe wako wapo zizini hata ukiwa umelala.

Nimesikia kwamba meza ni tupu. Ni kweli?

Ni nusu ya kweli, na ni nusu nzuri. Kiini cha atomu ni kidogo kuliko atomu nzima kwa kiasi cha mara 100,000 hivi. Ukikifanya kiini kuwa mpira wa miguu katikati ya uwanja wa Namboole, ukingo wa atomu utakuwa umbali wa kilomita kama 10, yaani karibu na katikati ya Kampala. Hata hivyo mkono haupenyi mezani, kwa sababu elektroni za meza na za mkono wako zinasukumana. Ugumu wa meza ni huo msukumo. Kwa hiyo meza ni ngumu kweli, ila ugumu wenyewe si kitu kile tulichokidhania.

Basi ninachokiona ni nini hasa?

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Ukiingia kibanda cha video Kampala au Mbale utamkuta vijei ameshika maikrofoni, anatafsiri filamu ya Kichina kwa Kiganda. Hatafsiri neno kwa neno. Anawapa wahusika majina ya hapa, anaongeza habari ambazo hazimo, anakuambia jambazi anakuja kabla hajatokea mlangoni. Mahali sauti ilipokatika anajaza mwenyewe bila kusita. Watazamaji wanacheka, wanalia, na mwisho wanatoka wakisema wameiona filamu. Waliyoiona ni filamu ya vijei.

Ubongo wako ni vijei wa aina hiyo. Umefungiwa ndani ya fuvu, gizani, haujawahi kugusa mwanga. Nyuma ya kila jicho kuna chembe zipatazo milioni 126 zinazopokea mwanga, lakini neva inayopeleka habari ubongoni ina nyuzi kama milioni 1 tu. Habari inabanwa, inapunguzwa, halafu ubongo unaitafsiri kwa kukisia: hii lazima ni sura ya mtu, hiki lazima ni kivuli. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliliona hili katika karne ya 19. Alisema kuona ni kukisia tusikojua kwamba tunakisia.

Usiniamini kwa maneno. Chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo upande wa kushoto na kitone cheusi upande wa kulia, viachane sentimita 8. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kaza macho kwenye msalaba, karatasi ikiwa mbali kiasi cha urefu wa mkono, kisha isogeze polepole usoni huku hutoi jicho kwenye msalaba. Ikifika karibu sentimita 30 kitone kitatoweka. Sogeza zaidi, kitarudi.

Hapo kitone kilipotoweka hapakuwa na shimo jeusi. Uliona nini? Karatasi nyeupe. Neva inapotokea nyuma ya jicho hapana chembe za kupokea mwanga, kwa hiyo kuna sehemu ya dunia usiyoiona kabisa kwa jicho hilo, na ubongo unapaka hapo rangi ya jirani. Ukirudia kwenye karatasi ya manjano utaona manjano. Tangu uzaliwe umekuwa ukitembea na kiraka hicho na hukuwahi kukiona. Wanafunzi wangu wakifika hapa darasa linanyamaza, kisha kila mtu anataka kurudia.

Kule Kayabwe maji yanazunguka pande mbili tofauti kwenye ikweta. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nalo ni uongo?

Swali hili huja kila baada ya safari ya shule, na nalijibu kwa heshima kwa sababu aliyeliona ameliona kweli.

Kwa wasiofika: kwenye barabara ya Masaka, ikweta inapokatiza, vijana huweka mabeseni yenye tundu chini. Moja upande wa kaskazini, moja kusini, moja juu ya mstari. Ua dogo linaelea juu ya maji. Upande huu ua linazunguka kulia, upande ule kushoto, katikati linashuka bila kuzunguka. Unaambiwa ni nguvu ya mzunguko wa dunia.

Nguvu hiyo ipo, na ndiyo inayozungusha vimbunga vya baharini. Lakini kwenye ikweta yenyewe ni sifuri, na hatua kumi kando ya mstari inabaki kama sifuri. Dunia huzunguka mara moja kwa siku, beseni humwagika kwa sekunde chache. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa Chuo cha MIT, Marekani, mbali kabisa na ikweta, ili apate kuiona nguvu hiyo ndani ya chombo alilazimika kutumia tangi la upana wa karibu mita 2 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24.

Nilipopeleka kidato cha tatu nilimwomba kijana mmoja anipe jagi nimimine mwenyewe. Nikamimina kutoka upande wa pili wa beseni. Ua likazunguka kinyume na alivyotuahidi.

"Mwalimu, umemimina vibaya," akaniambia.

"Kumbe kuna kumimina vizuri?"

Akatabasamu, akamwaga maji yaliyobaki, akaniambia kwamba aliyemfundisha alimwonyesha upande wa kuanzia, na yeye mwenyewe aliamini ni adabu tu ya kazi. Sidhani alikuwa akitudanganya kwa makusudi. Alikuwa ameona kile alichofundishwa kutarajia, nasi 40 tuliosimama kumzunguka tuliona hivyohivyo. Macho yetu yalikuwa mazima.

Je, watu wote wanaona sawasawa?

Hapana, na ushahidi mmojawapo ulitoka hapa kwetu. Kuna mchoro wa mistari miwili yenye urefu sawa, uliotolewa na Müller-Lyer mwaka 1889. Mmoja una vichwa vya mshale kila mwisho, mwingine una mikia iliyofunguka nje. Wengi wanaapa kwamba wenye mikia ni mrefu zaidi.

Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1966, Segall, Campbell na Herskovits walionyesha mchoro huo kwa jamii nyingi, wakiwemo watu wa Ankole na Toro. Watu wa Evanston, Marekani, ndio waliodanganyika zaidi: ili waone mistari iko sawa, mmoja ulipaswa kuwa mrefu kwa karibu sehemu moja ya tano. Wa Ankole na Toro walidanganyika kidogo kuliko wao, na wawindaji wa Kalahari karibu hawakudanganyika. Watafiti walisema huenda ni kwa sababu ya kukulia katika nyumba zenye kona za mraba, ambako jicho hujifunza kusoma kona kama umbali. Maelezo hayo yanabishaniwa. Lakini kipimo chenyewe kinaonyesha kwamba vijei wa kichwani hujifunza kazi mahali alipolelewa.

Mtu anayeona watu wasiokuwepo amerogwa?

Ningependa kila anayesoma asome hapa.

Nyanya yangu, mzaa mama, aliishi karibu na Busia. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili hadi akawa anatofautisha mchana na usiku tu. Jioni moja nilimpelekea uji, akaniambia, "Mjukuu wangu, waambie hao watoto wasogee, watapiga teke taa." Hapakuwa na mtoto. Nikamuuliza watoto gani. Akawaeleza: watatu, nguo nyekundu zenye mikunjo, wamekaa mkekani, hawasemi. Alieleza hata mshono wa shingo. Mtu aliyeshindwa kuniona mimi, nikiwa mbele yake, alikuwa akihesabu mikunjo.

Habari ilienea. Mbuzi mmoja aliuzwa kwa ajili ya mganga, na dada mmoja wa ukoo akaacha kumpelekea watoto wake kwa kuogopa. Nyanya akanyamaza, hakuwataja tena. Baadaye aliniambia kwamba walikuwa bado wanakuja, ila alichoka kutazamwa vile.

Jambo hili lina jina: sindromu ya Charles Bonnet. Charles Bonnet wa Uswisi aliliandika mwaka 1760 baada ya babu yake, aliyekuwa na mtoto wa jicho, kuanza kuona watu, ndege na majengo ambayo hayakuwepo, akili yake ikiwa timamu kabisa. Macho yakiacha kupeleka habari, ubongo haukai kimya. Unaendelea kuchora kwa akiba iliyomo. Filamu imekatika, vijei anaendelea kusimulia. Mara nyingi maono hayo hayana sauti, na mara nyingi mwenyewe anajua si watu wa kweli.

Muuguzi wa macho aliyepita kijijini ndiye aliyetufungua. Nyanya alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na siku kitambaa kilipotolewa aliniangalia muda mrefu, akasema nimenyoa vibaya. Watoto hawakuja tena. Kama mzee wenu ameanza kuona yasiyokuwepo, mpelekeni apimwe macho na akili, maana sababu ni nyingi na nyingine zinahitaji kutibiwa haraka. Na watoto waendelee kumtembelea.

Wanyama wanaona dunia ileile?

Wanapokea sehemu nyingine ya dunia hiyohiyo. Nyuki huona mwanga ulio ng'ambo ya urujuani, usioonekana kwetu, na maua mengi yana alama za rangi hiyo. Ndovu wa Murchison Falls huitana kwa sauti nzito iliyo chini ya uwezo wa sikio letu, na wenzao huisikia kutoka kilomita kadhaa. Ukisimama pale unasema ni kimya.

Dini inasemaje?

Mimi si shehe wala kasisi, kwa hiyo nataja tu niliyojifunza kutoka kwao. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisimulia jinsi alivyofikia kutoamini hisia zake. Unaitazama nyota, alisema, unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko ardhi. Kivuli unakiona kimesimama, na kinatembea. Kurani, katika Sura ya Nuru, inataja mazigazi ambayo mwenye kiu huyadhania maji mpaka ayafikie. Nimeyakumbuka maneno hayo kila nilipopita barabara ya Gulu saa saba mchana. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba kwa sasa tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo.

Hakuna hata mmoja wao aliyesema dunia haipo. Walisema tusidhani tumeiona yote. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na video za kwenye simu.

Nitajuaje kwamba siko ndotoni?

René Descartes aliliuliza hili mwaka 1641. Akakuta kwamba anaweza kutilia shaka mikono yake, moto, hata anga, lakini hawezi kutilia shaka kwamba yupo anayetilia shaka. Hapo alikuwa sahihi, na sina la kuongeza.

Kama ni mwigo, kwa nini nilipe deni au nisome?

Aliyeniuliza hivi alikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne, na hakuwa akinijaribu. Nilimjibu hivi: jino likikuuma usiku, je, maumivu yanapungua ukiambiwa jino limeundwa na hesabu? Mwanafalsafa David Chalmers, katika kitabu alichokitoa mwaka 2022, ametetea kwamba hata kama tumo ndani ya mwigo, vitu vilivyomo ni halisi. Ni halisi kwa jinsi vilivyoundwa, kama meza ilivyo ngumu ingawa imejaa nafasi tupu. Anayekudai shilingi 50,000 ana watoto wanaosubiri ugali, na njaa yao haingoji wanafalsafa wakubaliane.

Mimi nahisi kila kitu si cha kweli, kama natazama kupitia kioo. Je, nimegundua siri?

Ndugu yangu, hapana, na nakuomba usibaki peke yako na jambo hilo. Hisia hiyo inajulikana kwa madaktari. Huja kwa uchovu mkubwa, kukosa usingizi, hofu kali, huzuni nzito, bangi na vilevi vingine, wakati mwingine kifafa. Huwapata watu wengi angalau mara moja, na mara nyingi hupita. Ikikaa siku nyingi, au ikikuletea wazo la kujidhuru kwa kuwa "ni gemu tu", mwambie mtu unayemwamini leo hii, na mwende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kuna Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kule Kampala. Nimemsindikiza mwanafunzi mmoja. Amemaliza shule.

Naweza kuwaonyesha watoto nini nyumbani?

Mabeseni matatu. La kushoto weka maji ya moto ambayo mkono unavumilia, la kulia maji baridi ya mtungini, la katikati maji ya vuguvugu. Mtoto atumbukize mkono mmoja kwenye moto na mwingine kwenye baridi, ahesabu hadi 60 polepole, kisha aingize yote miwili kwenye beseni la katikati kwa pamoja. Mkono mmoja utasema maji ni baridi, mwingine utasema ni ya moto. Muulize ni upi unaosema kweli, na mwache afikirie. Binti yangu wa miaka sita alitoa mikono, akaitazama, akairudisha majini, akasema, "Baba, subiri, nangoja ikubaliane."